Kazi imemchosha, tamthilia inamsubiri

Katika nyumba nyingi za mjini yupo mtu mmoja ambaye jioni hana nguvu ya kuvua viatu, hana hamu ya kula na salamu anaitikia kwa shida. Lakini wimbo wa tamthilia yake ukianza kulia sebuleni, mtu huyo huinuka, husogeza kiti na kuuliza rimoti iko wapi.

Wenzake wa nyumbani hulipokea jambo hilo kwa namna mbili. Watoto hucheka. Mwenza wake hununa kimyakimya, na siku akishindwa kuvumilia huuliza swali ambalo limezua ugomvi katika ndoa nyingi: iweje kwa mambo ya nyumbani umechoka, ila kwa Sultan hujachoka?

Swali linaonekana dogo, lakini ndani yake kuna usingizi, afya, fedha, ndoa na wakati mwingine usalama wa watu wasiomfahamu kabisa shabiki huyo.

Uchovu una aina zake

Zipo kazi zinazochosha mgongo na zipo zinazochosha nafsi. Mbeba mizigo wa sokoni hurudi nyumbani mwili wote ukimuuma, na mara nyingi akigusa godoro tu usingizi unamchukua. Muuguzi wa wodi ya wazazi, mwalimu wa darasa lililofurika, karani wa dirishani benki na mpokea simu za wateja huchoka kwa namna nyingine. Kutwa nzima wanasikiliza shida za watu, wanatukanwa na kujibu kwa upole, wanatabasamu siku ambayo tabasamu halipo, na kila baada ya dakika chache wanatakiwa kuamua jambo.

Mtu wa namna hii akifika nyumbani, kitu kigumu kuliko vyote ni kuamua jambo jingine. Ukimuuliza apikiwe wali au ugali, anaona umemwongezea kazi. Tamthilia haimuulizi chochote. Watu wanalia, wanasalitiana, wanagombea urithi, na yeye haandiki ripoti. Anaweza kumchukia mbaya wa mchezo kwa moyo wake wote bila kuitwa ofisini kujieleza.

Watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliliandika jambo linalofanana na hili mwaka 1956, televisheni ikiwa bado changa. Walieleza kuwa mtazamaji hujenga kitu kama urafiki na mtu anayemwona kwenye skrini, ingawa mtu huyo hamjui wala hatamjua. Kwa aliyechoshwa na watu, urafiki huo una nafuu yake. Haukopi, haupigi simu usiku wa manane, wala haununi usipoutembelea wiki nzima.

Si sawa, basi, kumwita mtu huyo mvivu. Anachokitafuta sebuleni ni mahali ambapo hakuna anayemtegemea kwa saa moja.

Enzi kituo kilipomlaza mtazamaji

Tatizo halikuanza na tamthilia zenyewe. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, na Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo, ITV ikiwa miongoni mwao. Kwa miaka mingi iliyofuata, shabiki alikuwa na saa yake moja. Ikipita, imepita.

Wanaokumbuka Isidingo wanaijua hali hiyo. Tamthilia hiyo ya Afrika Kusini, iliyoanza 1998 na kufikia tamati 2020, iliwafanya watu waharakishe kurudi nyumbani, na jina la Cherel lilitajwa mitaani kama la jirani mkorofi. Aliyekuwa zamu ya usiku alisimuliwa asubuhi na mwenzake, na simulizi hiyo ilikuwa sehemu ya uhondo.

Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam Machi 2013. Baadaye Azam TV ikaleta za Kituruki kwa Kiswahili, na Sultan Suleiman na Hurrem wakawa wenyeji wa sebule za Mbagala na Ilemela. Bibi asiyejua kusoma maandishi ya chini ya skrini naye akawa shabiki kamili, mwenye hoja na upande wake.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Ving'amuzi vikaja na marudio ya usiku na ya mchana. Simu ikaja na vipande vinavyofuatana, kimoja kikiisha kingine kinajianzisha chenyewe. Tamthilia iliyompa shabiki hadithi ya Sultan ina sehemu 139 katika Kituruki, nyingi zikikaribia au kuzidi saa moja na nusu, na zikiuzwa nje hukatwa vipande vifupi vilivyo vingi zaidi. Zamani kituo ndicho kilichomwambia mtazamaji akalale. Siku hizi lazima ajiambie mwenyewe, tena saa ambayo uwezo wake wa kuamua umeshaisha.

Hesabu ya usiku mmoja

Chukua mfano wa muuguzi anayeishi Chanika na kufanya kazi katikati ya jiji. Anaamka saa 10:30 alfajiri ili awahi daladala. Anarudi saa 1 usiku, anahakikisha watoto wamekula na wamefanya kazi za shule, na saa 3 usiku anakaa mbele ya televisheni. Tamthilia ya kwanza inaisha saa 4. Anafuatia ya pili, kisha anachungulia kundi la WhatsApp ambako wenzake wanabishana juu ya kilichotokea. Anazima taa saa 6.

Huyo amelala saa nne na nusu. Wataalamu wa usingizi wanashauri mtu mzima alale walau saa saba. Kila usiku anadaiwa saa mbili na nusu, na kwa siku tano za kazi deni linafika saa 12 na nusu. Ni karibu sawa na mtu aliyekosa usiku miwili mizima katika wiki moja.

Deni hilo halilipwi na yeye peke yake. Utafiti wa Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia, uliochapishwa 1997, ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kwa umakini unaolingana na wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Aliyeamka saa 10:30 alfajiri hufikisha saa hizo 17 ikiwa saa 3:30 usiku, tamthilia ya kwanza ikiwa katikati. Sebuleni hilo halina madhara makubwa. Kwa aliye zamu ya usiku, akipima dozi ya mtoto, au dereva wa basi la mikoani, ni habari nyingine.

Ndiyo maana kutazama vipande kwenye simu ukiwa kazini hakupaswi kuchukuliwa kwa mzaha. Mlinzi anayemfuatilia Hurrem getini anakuwa amehamia Istanbul, na geti limebaki na kiti.

Rimoti au ratiba ya zamu?

Hata hivyo, kabla lawama zote hazijaangushwa kwenye rimoti, familia nayo iangalie kazi yenyewe. Kuna watu ambao hata televisheni ikiuzwa kesho, bado watalala saa tano.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mipaka. Saa za kawaida za kazi hazizidi tisa kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada hazizidi 50 katika kipindi cha wiki nne. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, mfanyakazi anastahili mapumziko ya saa 12 mfululizo, isipokuwa kama kuna makubaliano ya maandishi kwa namna ambayo sheria imeruhusu, na kila wiki anastahili saa 24 za kupumzika. Anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi anastahili nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Wengi hawajawahi kuikaa chini ratiba yao ya zamu wakailinganisha na sheria hiyo.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kuwa wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wanaofanya saa 35 hadi 40. Hapo tamthilia haihusiki.

Shirika hilo la afya limeeleza pia dalili tatu za mtu aliyeelemewa na kazi: nguvu kumwishia, kuichukia au kujitenga na kazi yake, na kuona kwamba analolifanya halina tija tena. Mashabiki wana dalili yao ya nne, ambayo watu wa nyumbani huiona mapema. Mtu anakodoa macho kwenye skrini saa nzima, na ukimuuliza nani kafa, hajui. Tamthilia ikikosa ladha kwa aliyeipenda, huo ni wakati wa kumuuliza habari za kazini, na ikibidi kumpeleka kwa mtaalamu.

Yanayosaidia

Jambo la kwanza ni kuchagua. Mtu mwenye kazi ngumu hawezi kuwa shabiki wa tamthilia nne. Achague moja aipendayo kweli, nyingine asimuliwe.

La pili ni kuyatumia marudio badala ya kuyakimbia. Tamthilia nyingi hurudiwa mwisho wa wiki. Anayejua kuwa Jumamosi mchana ataona alichokikosa hana sababu ya kupigana na usingizi Jumanne usiku.

La tatu ni ratiba ya zamu kubandikwa jikoni, kila mtu aione. Mume au mke anayejua kuwa leo mwenzake anatoka zamu ngumu hatapanga kikao cha ada ya shule saa 3 usiku. Naye shabiki, kwa upande wake, siku za mapumziko azitoe kwa familia bila kusukumwa.

La nne ni simu kulala chumba kingine. Televisheni ina adabu kidogo, hubaki sebuleni. Simu humfuata mtu mpaka chini ya shuka.

La tano ni fedha. Kifurushi cha king'amuzi, bando la simu na umeme wa Luku viandikwe pamoja mwisho wa mwezi. Familia nyingi hugundua kuwa zinalipia kitu kilekile mara mbili, kwenye king'amuzi na kwenye simu.

Kuhusu wanaoharibu uhondo kwa kusimulia yaliyo mbele, ushauri ni kuwasamehe. Ibrahim Pasha aliuawa kwa amri ya Sultan Suleiman mwaka 1536, na jambo hilo limo kwenye vitabu vya historia, lakini wapo wafanyakazi walionuniana kantini kwa sababu mmoja alimtaja kabla ya siku yake.

Mtoto anapokuwa msimulizi

Wanaodharau tamthilia wakumbuke Twende na Wakati, mchezo wa Radio Tanzania ulioanza 1993. Watafiti waliofuatilia wasikilizaji wake walibaini kuwa wengi waliuzungumzia na wenza wao, na mchezo ulichangia watu kuupokea uzazi wa mpango. Mambo ambayo wanandoa walishindwa kuyataja uso kwa uso, waliyapitishia kwa watu wa kwenye mchezo.

Nafasi hiyo bado ipo. Mama anayetoka zamu ya usiku anaweza kumkalisha binti yake Jumamosi, amsuke huku binti akimsimulia kilichompita. Mtoto akisimulia, hutoa pia maoni yake. Atasema nani alikosea, nani alistahili kusamehewa, na kwa nini yeye asingekubali kuolewa na mtu kama yule. Mzazi makini husikia hapo mambo ambayo mtoto asingeyasema kama angeulizwa moja kwa moja.

Vivyo hivyo kwa mwenza anayenuna. Kuzima televisheni kwa hasira kumewahi kuleta kimya cha siku tatu, na bado hakuna aliyelala mapema. Kinachofanya kazi ni kukaa pembeni, kuuliza imefikia wapi, kuvumilia maelezo marefu ya nani ni mtoto wa nani, na tamthilia inapoisha kushika rimoti kabla marudio hayajaanza. Saa 4 kamili, taa zizimwe, wote wakalale.