Mvua Usiyoiona Ukiwa Havasu

Ukisimama chini ya maporomoko ya Havasu mwezi Agosti na anga ikawa nyeupe pee, usiiamini. Mvua ya kukuua huenda inanyesha saa hiyo hiyo kilomita nyingi kutoka hapo, juu ya uwanda wa mawe yasiyonyonya maji.

Maporomoko haya yako Arizona, Marekani, katika korongo la pembeni mwa Grand Canyon, kwenye ardhi ya Wahavasupai, watu wa maji ya buluu na kijani. Gari halifiki. Kutoka inapoishia barabara hadi kijiji cha Supai ni kilomita 13 kwa miguu, na barua bado hubebwa na baghala.

Maji yenyewe ni ya chemchemi, ndiyo maana hayakauki, na joto lake halitoki mbali na nyuzi 21 mwaka mzima. Yamebeba chokaa iliyoyeyuka. Yakirushwa hewani, kaboni dioksidi hutoroka, na chokaa huganda juu ya chochote inachokikuta. Kijiti kilichoangukia bwawani huvaa gamba la jiwe. Kivunje, utaona mti ndani na weupe nje. Kingo za mabwawa yale mazuri zimejengwa hivyo hivyo, utando juu ya utando.

Mafuriko huzibomoa kwa usiku mmoja. Kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba, pepo hugeuka na kuleta unyevu wa baharini. Ardhi iliyochemka huupandisha juu, na alasiri radi huanza. Agosti 2008 mto ulijichongea njia mpya: maporomoko ya Navajo yakabaki makavu, na mengine yakazaliwa jirani. Agosti 2024 mtu mmoja alifariki, na helikopta zikawatoa wageni zaidi ya 100. Wakenya wanaujua msiba huu: Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 katika korongo la Hell's Gate, Naivasha.

Mimi ningechagua Aprili au Mei, kabla joto halijapita nyuzi 38 kwenye njia isiyo na kivuli. Oktoba nayo ni nzuri, ingawa imewahi kufurika. Kibali cha Wahavasupai kikate mapema. Kwenda na kurudi siku moja hakuruhusiwi.

Na maji ya buluu yakianza kugeuka rangi ya chai ya maziwa, panda juu hapo hapo. Begi liache.