Utamu wa Sauti katika Maneno ya Kiingereza

Fonestetiki ni tawi dogo la isimu linalochunguza kwa nini baadhi ya sauti za lugha hupendeza masikioni na nyingine hukera. Katika Kiingereza, mfano wake mashuhuri ni "cellar door", maneno yanayotaja mlango wa stoo iliyochimbwa chini ya nyumba. Maana hiyo haina mvuto wowote, na hapo ndipo penye faida: anayeyasifu maneno hayo hawezi kushukiwa kuwa amevutwa na kinachotajwa. J.R.R. Tolkien, mtunzi wa riwaya na profesa wa Oxford, aliyatolea mfano katika mhadhara wa mwaka 1955 kuhusu Kiingereza na Kiwelisi, akashikilia kwamba uzuri wake hudhihirika zaidi yakitengwa na maana na tahajia yake. Lakini sifa hizo hazikuanza naye. Riwaya ya Mmarekani Cyrus Lauron Hooper, Gee-Boy, ilikwisha kuyataja mwaka 1903.

Katika lafudhi ya kusini mwa Uingereza, "r" zote mbili humezwa, na sikio hupata kitu kinachokaribia "seladoo". Konsonanti zake tatu, s, l na d, zote hutamkiwa kwenye ufizi, hivyo ulimi hausafiri: kwanza unaiachia hewa mwanya mwembamba, kisha unagusa ufizi huku hewa ikipita pembeni, mwishowe unaifunga kidogo na kuifungua. Hakuna konsonanti mbili zinazogongana ndani ya silabi moja, na kila silabi huishia kwa irabu. Kwa masikio ya Mswahili umbo hilo ni la nyumbani kabisa.

Mwaka 1995 mwanaisimu David Crystal alichambua maneno ambayo watu mbalimbali waliyataja kuwa mazuri. Yalielekea kuwa na silabi tatu au zaidi, mkazo ukiangukia silabi ya kwanza, na sauti za l na m zilijitokeza mno. Kitambaza l na nazali m hazikati mtiririko wa sauti kama vipasuo p au k vinavyofanya. Mtu anaweza kuzivuta mpaka pumzi imwishie.

Hata hivyo, orodha za maneno pendwa zina walakini. Mhariri wa kamusi Wilfred Funk alitoa orodha yake mwaka 1932, na humo mna "lullaby", "murmuring", "luminous", "melody" na "golden". L na m zimejaa, lakini yanayotajwa ni bembelezi, mnong'ono, nuru, muziki na dhahabu. Kura iliyoendeshwa na British Council mwaka 2004 miongoni mwa watu wa nchi zisizozungumza Kiingereza ililiweka "mother" kileleni, likifuatwa na "passion", "smile", "love" na "eternity". Hapo sikio halikuulizwa. Kilichopigiwa kura ni mama. Kama sauti pekee ingekuwa hakimu, "malaria" lingeshindana na yote hayo, kwa kuwa lina m, l, r na irabu tele. Halimo, na sababu yake haihitaji kuelezwa kwa aliyewahi kuugua.

Maana na sauti huungana pia kwa njia nyingine. Mwaka 1930 mwanaisimu J.R. Firth alivipa jina la fonestimu vikundi vya sauti vinavyorudiarudia maana ileile. Maneno mengi yaanzayo na "gl" yanahusu mng'ao: "glow", "gleam", "glitter", "glisten". Yaanzayo na "sn" mara nyingi huzunguka pua: "sneeze" ni kupiga chafya, "snore" ni kukoroma, "sniff" ni kunusa. Kiswahili huionyesha kazi hiyo waziwazi kwa tanakali kama chubwi, tititi na pyu. Kiingereza huificha ndani ya nomino na vitenzi vya kila siku. Si kanuni, maana "glove" ni glavu tu na haing'ai.

Ili kuiondoa maana kabisa, wachunguzi hubuni maneno. Mwanasaikolojia Wolfgang Köhler, katika toleo la 1947 la kitabu chake, aliweka michoro miwili, mmoja wa mviringo na mwingine wenye pembe kali, pamoja na maneno "maluma" na "takete". Watu wengi huupa mviringo jina la maluma, na wenye pembe takete, ingawa hakuna kamusi iliyowafundisha.