Ada ya Mwalimu wa Sataranji: Je, Hununua Alama?

Mama mmoja katika wasomaji wetu ametuletea swali ambalo twaamini linaulizwa katika nyumba nyingi. Mwanawe wa miaka kumi na miwili ameipenda sataranji, ameanza kuingia mashindanoni, na sasa aomba alipiwe mwalimu wa kila juma na anunuliwe vitabu. Ada hiyo, kwa hesabu ya mama, yakaribia karo ya dada yake. Auliza: nikilipa, alama za mwanangu zitapanda?

Kabla ya fedha, tuanze na dini. Wengi wetu katika pwani hii twafuata madhehebu ya Imam Shafii. Kauli mashuhuri ya wanazuoni wa madhehebu hayo, akiwemo Imam Nawawi, ni kuwa sataranji ni makuruhu, na ikiingia kamari au ikimpotezea mtu sala huwa haramu. Wako na wanazuoni walioikataza kabisa. Basi mzazi na amwendee sheikh wake kwanza. Tuyasemayo hapa yamhusu aliyekwisha kuridhika kwamba mwanawe aweza kucheza ndani ya mipaka hiyo.

Yafaa pia tujue alama zenyewe ni nini. Mfumo utumiwao leo ulibuniwa na Arpad Elo, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, na shirikisho la kimataifa la sataranji, FIDE, likaupokea mwaka 1970. Alama hizo hazipimi akili ya mtoto wala thamani yake. Hukisia matokeo tu. Amzidiye mwenziwe kwa alama 200 hutarajiwa kupata kama robo tatu ya pointi wakikutana mara nyingi. Katika hesabu ya FIDE, mtoto wa umri huu akimshinda aliye sawa naye huongezewa alama 20 kwa mchezo mmoja. Kwa hivyo akishinda mitatu, hata kama wapinzani waliteleza wenyewe, amepanda alama 60; na akishindwa mitatu zaondoka vivyo hivyo. Mzazi asimsifu mwalimu wala asimlaumu kwa mashindano ya siku mbili. Na atazame michezo ya miezi kadhaa.

Sasa, ni nini kimpandishacho mchezaji? Mwaka 1973, watafiti William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde 5 kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Kete zilipokuwa zimetoka katika mchezo wa kweli, bingwa aliwashinda wanagenzi kwa mbali. Zilipotawanywa ovyo, ubora wake karibu wote ulitoweka. Yaani bingwa hana kumbukumbu ya ajabu. Amehifadhi maumbo mengi ya mchezo, na maumbo hayo huingia kwa jicho, kwa mkono na kwa marudio. Utafiti wa Neil Charness na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa saa ambazo mchezaji huketi peke yake akisoma kwa bidii ndizo ziliohusiana zaidi na kiwango chake. Nao Fernand Gobet na Guillermo Campitelli walipowachunguza wachezaji 104 wa Argentina, waliona kuwa aliyefikia ubingwa kwa haraka alitumia kama saa 3,000, na mwingine zaidi ya saa 23,000. Njia ni moja, lakini safari hazilingani. Si haki kumpimia mwana wetu kwa mtoto wa jirani.

Hatusemi mwalimu hana kazi. Mwalimu huliona kosa ambalo mwanafunzi halioni, na kitabu kizuri huyapanga masomo kwa utaratibu. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alimpata mwalimu wake, Robert Katende, katika mradi uliowafunza watoto maskini bila ada na kuwapa uji. Mabinti watatu wa nyumba ya Polgár nchini Hungaria walianzwa na wazazi wao wenyewe, nyumbani, kwa saa nyingi kila siku; mdogo wao, Judit, akawa bingwa mkuu mwaka 1991 akiwa na miaka 15. Wote hawa walikuwa na wa kuwaongoza. Lakini katika nyumba zote mbili, ya dhiki na ya vitabu, mtoto mwenyewe ndiye aliyeketi mbele ya ubao siku baada ya siku.

Ushauri wetu kwa mama huyu ni huu. Kwanza, mtoto anunuliwe daftari. Aandike michezo 20 aliyoshindwa, na kila mmoja auchunguze mwenyewe mpaka aone mahali ulipoharibika. Pili, asome kitabu kimoja, cha kuazima kikipatikana, na akimalize kabla ya kuomba cha pili. Mazoezi ya mafumbo yapatikana bure katika tovuti ya Lichess, ila simu isikae naye usiku. Tatu, daftari likijaa na kosa likawa lile lile, hapo mwalimu ana kazi ya kufanya. Alipwe kwa miezi mitatu, aonyeshwe daftari, na masomo yafanyike sebuleni, mlango wazi na mtu mzima akiwapo. Asiyeweza kujaza daftari hata mwalimu wa ghali hatamfaa, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Na mashindano yakigongana na sala, mzazi azungumze na mwamuzi mapema. Mchezo mrefu waweza kuchukua saa nne na zaidi, nao wakati wa adhuhuri haungoji saa ya mezani.

Mwisho ni karo ya dada. Hiyo isiguswe. Binti asije akajifunza kuwa elimu yake ndiyo hazina ya kulipia mapenzi ya kaka yake. Alama za sataranji hupanda na kushuka kila mwezi, lakini mwaka wa shule ukimpita mtoto haurudi. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwatendea wana wetu uadilifu. Amin.