Mwanga Unaosoma Damu (2): Kidole na Oksijeni

Wiki iliyopita tulieleza jinsi hemoglobini inavyobeba oksijeni mwilini. Leo tutazame namna mwanga unavyoipima bila sindano wala tone la damu.

Kile kibanio anachovishwa mgonjwa kidoleni kina taa mbili ndogo upande mmoja na kipokea mwanga upande wa pili. Taa moja hutoa mwanga mwekundu wenye wimbi la nanomita 660 hivi. Nyingine hutoa infraredi, nanomita 940 hivi, isiyoonekana kwa macho. Hemoglobini yenye oksijeni hunyonya zaidi infraredi na kuuachia mwekundu upite. Isiyo na oksijeni hufanya kinyume. Uwiano huo ndio unaogeuzwa kuwa asilimia kwenye kioo.

Tatizo ni kwamba kidoleni hamna damu peke yake. Ngozi, nyama, mfupa na damu ya vena vyote hunyonya mwanga. Aliyelitatua ni mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden. Alikuwa akitafuta njia ya kupima, kwa mwanga upitao sikioni, kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo, na mapigo ya mshipa yakawa yanamvurugia vipimo. Ndipo akatambua kuwa vurugu ile ndiyo damu ya ateri yenyewe: moyo ukipiga, ateri hutanuka na mwanga unaopenya hupungua kidogo. Ngozi na mfupa havipigi. Chukua kinachobadilika tu, nawe umeitenga damu itokayo mapafuni. Aliitangaza kazi hiyo mwaka 1974, na sidhani kama chumba cha upasuaji kimepata mlinzi bora zaidi tangu hapo.

Hata hivyo, mlinzi huyu hudanganyika. Mkono wa baridi humpa mapigo hafifu. Rangi ya kucha humzibia njia. Zito zaidi ni rangi ya ngozi, kwa kuwa melanini nayo hunyonya mwanga. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha ulinganisho wa wagonjwa ambao kifaa kiliwasoma asilimia 92 hadi 96. Damu ya ateri ilipopimwa, oksijeni ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi. Kwa Wazungu ilikuwa 3.6. Kifaa kinachotumika Afrika nzima hakistahili kusahihishwa kwa ngozi nyeupe zaidi, na wanaoviagizia hospitali zetu wana haki ya kumuuliza muuzaji kilijaribiwa kwa nani.

Kisha kuna moshi wa mkaa. Hemoglobini iliyoshikwa na kaboni monoksidi huupokea mwanga mwekundu karibu sawa na ile yenye oksijeni, hivyo kioo huweza kuonyesha 98 huku mtu anakata roho. Ukimkuta mtu amezirai chumbani penye jiko la mkaa, mtoe nje na umkimbize hospitali, kifaa kiseme kitakavyosema.