Kura Zilizohesabiwa Ofisini

Jioni moja mpwa wangu, wakati huo kidato cha pili, alikuwa akikariri maswali ya somo la Uraia. Nikamwuliza, mamlaka ya nchi yanatoka wapi? Akajibu upesi, "Serikalini, Mjomba."

Nikatoa Katiba ya mwaka 1977, nikamfungulia ibara ya 8. Humo mamlaka yote yana msingi wake kwa wananchi, na Serikali hupata yake kutoka kwao. Nikaendelea hadi ya 26. Kifungu chake cha kwanza chamtaka kila mtu atii Katiba na sheria. Hicho alikijua, maana walimu (na sisi wajomba) hatuchoki kuhimiza utii. Cha pili champa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria, kwa utaratibu uliowekwa, ili Katiba hiyo ilindwe. Hicho hakuwahi kukisikia.

Ndipo akanisimulia yaliyoniuma. Shuleni kwao walipiga kura kumchagua kaka mkuu. Kura zikahesabiwa ofisini, mlango umefungwa. Asubuhi likatangazwa jina la kijana ambaye hata hakugombea! Waliouliza wakaambiwa hawana nidhamu.

Akitimiza miaka 18, ibara ya 5 inampa haki ya kupiga kura. Ataingia kituoni na somo lipi, la daftarini au la mlango ule? Kura za shule zihesabiwe mstarini, wanafunzi wote wakiona. Ubao na chaki vyatosha.

Mpwa wangu aliiomba ile Katiba aende nayo shuleni. Nilimpa, ingawa ndiyo nakala yangu pekee.