Gari Likichemsha, Usikimbilie Kung'oa Thamostati

Katika gereji nyingi za mitaani, Dar es Salaam hata Mombasa, gari lililochemsha hupewa tiba moja: thamostati inang'olewa, rejeta inajazwa maji ya bomba, na mwenye gari anaambiwa aende salama. Sababu inayotolewa inaingia akilini haraka: kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi, na huku kwetu joto lipo la kutosha. Mimi naona tiba hiyo haiponyi. Mbaya zaidi, inazima dalili ambazo zingeonyesha ugonjwa wenyewe uko wapi, na nyingi kati ya dalili hizo mwenye gari angeweza kuzitambua mwenyewe nyumbani.

Thamostati ni mlango mdogo kati ya injini na rejeta. Ndani yake mna nta inayotanuka ikipata joto. Maji yakifika nyuzi 82 au 88 hivi, kwa kufuata namba iliyogongwa kwenye kifaa chenyewe, nta inausukuma mlango na maji yanaanza kwenda kupozwa. Ukizitazama namba hizo, hoja ya hali ya hewa inaanguka. Mchana wa Februari Dar es Salaam ni nyuzi 32 au 33, na injini inataka kufanya kazi kwenye 90 na kitu. Kwa injini, hata Dar ya Februari ni baridi. Isipofikia joto lake inakula mafuta zaidi, kwa kuwa kompyuta ya gari inadhani ndiyo kwanza imewashwa na inaongeza petroli; oili nayo haipati moto wa kufukuza unyevu, na vyuma vinasagika kabla ya wakati. Tena katika injini nyingi thamostati inapofunguka huziba njia ya mkato, ile inayoyarudisha maji ndani ya injini bila kuyapitisha kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto haipozwi kabisa. Kwa hiyo gari linaweza kukosa joto la kutosha asubuhi mjini, kisha likachemsha likiwa na mzigo kwenye mlima wa Kitonga.

Watu watasema, na ni kweli, kwamba yapo magari yaliyong'olewa thamostati na yakaacha kuchemsha. Thamostati iliyokwama ikiwa imefungwa ni ugonjwa halisi, na kuiondoa kunafungua njia. Lakini kuweka mpya kungefungua njia hiyohiyo bila hasara, na ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo katika mfumo mzima wa kupoza. Ikiwa tatizo lilikuwa rejeta iliyoziba nusu au pampu ya maji iliyochoka, kung'oa kunaleta nafuu ya muda tu.

Swali la kwanza, basi, ni gari linachemsha wakati gani. Likichemsha kwenye foleni na kupoa likishika mwendo, shuku feni, kwa sababu barabarani upepo unafanya kazi yake. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama: katika magari mengi yenye feni ya umeme, feni inapaswa kuanza kuzunguka. Isipozunguka, angalia fyuzi na rilei kabla ya kununua mota. Likichemsha kwenye mwendo mrefu au mlimani, shuku mzunguko wa maji: rejeta, pampu, au mpira wa chini unaojikunja kwa kunyonywa. Kuhusu thamostati yenyewe, washa injini ikiwa baridi na uguse mpira wa juu wa rejeta, mkono ukiwa mbali na feni. Mpira huo unapaswa kukaa bila joto kwa dakika kadhaa, kisha upate moto ghafla. Ukibaki baridi huku geji inapanda, mlango umekwama. Ukipata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, mlango haufungi, au haupo. Mwenye shaka aitoe thamostati injini ikiwa imepoa, aining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji na kuyachemsha. Iliyo nzima itafunguka mbele ya macho yake. Jirani wa Nairobi akumbuke tu kwamba kwake maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, kwa sababu ya mwinuko, lakini hata hizo zinatosha kuifungua.

Kifuniko cha rejeta nacho hudharauliwa bure. Kazi yake ni kubana shinikizo, na kwa shinikizo hilo maji yanaweza kupita nyuzi 100, hata kukaribia 120, bila kuchemka. Springi yake ikilegea, hata gari lenye afya litamwaga maji. Shinikizo hilohilo ndilo linalounguza uso wa anayekifungua injini ikiwa ya moto. Asubiri ipoe kabisa. Ama kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, wanaoikataa wanasema hatuna barafu ya kuogopa, na tena maji matupu hubeba joto vizuri zaidi. Yote mawili ni kweli. Lakini maji matupu yanaleta kutu, na maji ya kisima yenye chumvi yanaacha magamba katika vijia vyembamba vya rejeta, na hapo ndipo joto linapokwama. Anayemwaga kulanti ya zamani aikinge kwenye chombo, kwa kuwa nyingi ina sumu yenye ladha tamu inayovutia watoto na wanyama.

Kazi ya nyumbani ina mpaka wake. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe usioisha ukitoka kwenye eksozi, au mapovu yakipanda mfululizo kwenye rejeta iliyofunguliwa ikiwa baridi kisha injini ikawashwa, huenda gasketi ya silinda hedi imekwisha. Gari hilo lizimwe na livutwe hadi kwa fundi mwenye vifaa vya kupima unyoofu wa hedi. Kuliendesha, hata kilomita chache, kunaweza kuipinda hedi yenyewe, na gharama yake si ya gasketi tena.