Chungu Kimoja, Watu Sita: Kula Hot Pot Bila Kugombania Bili

Ukisikia hot pot, usifikirie ile ya kuwekea chapati zisipoe. Hii ni supu inayochemka katikati ya meza, na kila mtu anajipikia. Wachina huiita huoguo, yaani chungu cha moto. Kwa mkazi wa Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umezalisha umeme tangu 1981, maji yanayotokota si ajabu. Wachina nao si wageni: kampuni ya Great Wall Drilling imechimba visima vya mvuke huku. Kwa hivyo wenzako wa Kamere au Naivasha wakikuambia mwende Nairobi, pande za Kilimani au Hurlingham, mkaonje, nenda. Lakini panga pesa kwanza.

Kinavyoliwa

Mnachagua supu. Chungu kikiwa na ukuta katikati, upande mmoja huwa na pilipili kali ya Sichuan na mwingine supu nyepesi, kwa hivyo asiyeweza pilipili hateseki. Kisha sahani zinakuja zikiwa na vyakula vibichi: nyama ya kondoo iliyokatwa nyembamba kama karatasi, uyoga, tofu, spinachi, viazi, tambi. Nyama nyembamba huiva haraka, viazi vinahitaji subira. Vijiti vya kushika nyama mbichi visiwe vile vya kupeleka mdomoni. Mchuzi wa kuchovya unajichanganyia: soya, kitunguu saumu, ufuta, dhania.

Bili inapandaje?

Hapa ndipo watu hushtuka. Mara nyingi supu ina bei yake na kila sahani bei yake. Sahani ni ndogo, stori ni tamu, na kila mtu anasema "ongeza moja". Uliza mapema kama mchuzi na chai pia vinalipiwa. Kubalianeni kiwango cha juu, na mmoja wenu ahesabu sahani zinapofika.

Nani alipe?

Tuseme mko sita na bili ni shilingi 9,600. Kila mtu ni 1,600. Kawaida mmoja hulipa yote, halafu wengine "watamtumia". Njia hii ina shida mbili.

Ya kwanza ni ada. Kumtumia mtu 1,600 kwa M-Pesa hukatwa shilingi 33. Watu watano wakimtumia mwenzao, hiyo ni 165 imeenda bure. Kulipa kwa till ya Buy Goods, mteja hakatwi chochote. Mwombe mhudumu kwa upole kila mmoja alipe sehemu yake kwenye till hiyo hiyo, na mumwonyeshe ujumbe mmoja mmoja hadi jumla itimie.

Ya pili ni urafiki. Aliyelipa 9,600 amebaki na nauli? Atakumbusha watu kesho, kesho kutwa, mpaka aonekane mchoyo, ilhali ni yeye anayedai. Pesa ya kula pamoja ni rahisi kuitoa mkiwa bado mezani kuliko wiki ijayo mkiwa na madeni mengine.

Mkichanga mapema, angalia Fuliza

Vikundi vingine huchanga kabla ya safari kwa simu ya mtu mmoja. Ni sawa, lakini mtunza pesa asiwe na deni la Fuliza. Pesa ikiingia, deni hulipwa kwanza. Mchango wa wenzake utamezwa kabla supu haijawekwa mezani, na atakuwa na kazi ya kueleza. Kama una deni, sema tu, "Mpeni mwingine ashike." Hakuna aibu.

Kabla ya kuweka PIN

- Soma jina la biashara linalotokea kwenye simu. Kama halifanani na la mkahawa, simama na uulize. Huenda jina la usajili ni tofauti, lakini msimamizi ndiye anapaswa kuthibitisha.
- Ukiambiwa utume kwa namba ya kibinafsi ya mhudumu, omba till. Kwa namba ya mtu utalipa ada, na mkahawa unaweza kusema haujapokea kitu.
- Hesabu sufuri. 1,600 na 16,000 zinatofautiana kwa kidole kimoja.
- Umemtumia mtu asiye sahihi? Usimpigie kwanza. Peleka ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, kabla hajatoa pesa. Kama ni till, zungumza na msimamizi ukiwa bado hapo.
- Weka kando nauli ya kurudi kabla ya kuagiza. Kutoka Nairobi hadi Naivasha, halafu Kamere, ni mbali kwa mtu aliyeshiba na hana kitu kwenye simu.

Na kama Nairobi ni mbali mwezi huu, sufuria, meko ya gesi na dirisha lililo wazi vinatosha. Nunueni kondoo, uyoga na mboga sokoni, kila mtu alipie kitu kimoja, na hamtakuwa na bili ya kugawana.